Gauni Langu Lilihudhuria Harusi Bila Mimi

Mama Faustine, shikamoo. Nakusoma kila wiki kwenye simu na sikuwahi kufikiria kwamba siku moja nitakuwa mimi ninayelia kwako, ila yamenifika, naomba unisaidie na usinicheke mpaka umalize kusoma.

Mimi ni binti wa Mwanza, nina miaka thelathini na moja, nafanya kazi za ndani Dubai, Jumeirah Village Circle, kwa madam Mwingereza, na huu ni mwaka wa sita sijakanyaga nyumbani. Madam ana sinema moja ya kwao ya kuchekesha, mambo ya mapenzi na harusi tu mwanzo mpaka mwisho, na kila Jumamosi mimi nikipiga pasi yeye anaiweka, nami naitazama kama vile sijawahi kuiona. Nikuambie ukweli, vichekesho vyao vingine hata sivielewi, ninachopenda ni kwamba mle ndani watu wanafika, marafiki wametawanyika huku na kule lakini mmoja akifunga ndoa wengine wote wanakuja, wanagombana, wanamwagiana mvinyo, wanalia, ila wapo. Kuna harusi ya kanisani ambapo bibi mmoja amekaa benchi la nyuma na kofia pana kama ungo, na pembeni yake pana nafasi wazi, basi nikajizoesha kujiweka pale, kila Jumamosi nakaa na bibi yule na roho inatulia.

Hapo ndipo nilipopata wazo. Tangu niondoke ndugu zangu wamekuwa wakifunga ndoa na mimi nazitazama harusi zao kwenye simu, kwa hiyo nikamwambia mama, ukoo ukichagua sare na mimi nishonewe, vipimo natuma, na siku yenyewe gauni langu liwekwe kwenye kiti changu ili nami nihesabiwe. Mama akakubali. Harusi mbili zikapita hivyo, gauni limekalishwa kwenye kiti, mikono yake imekunjwa kwa mbele, na nikiliona nilikuwa nafurahi.

Mwezi wa nane akaolewa mdogo wangu Irene. Sare ilikuwa ya bluu yenye maua ya njano. Nilikuwa kwenye meza ya pasi, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya maji, mwenye kamera akazungusha ukumbi, akapita kwenye kiti changu, na gauni lilikuwa limejaa. Mtu alikuwa amekaa ndani yake, amenipa mgongo. Nikainua mkono kurekebisha kitambaa changu cha kichwani, na yeye akainua wake.

Nilijipa moyo kwamba ni binamu yangu kaazima. Kesho yake nikampigia mama nimuulize, na kabla sijafungua mdomo akasema, "Asante kwa kuja, mwanangu. Ulivyocheza na Deus mpaka wazee wakasimama." Nikamwambia mama, mimi niko Dubai. Akacheka, akasema, "Acha utani wako, hata sahani uliyolia chakula bado sijaiosha."

Deus ni mchumba wangu wa miaka saba, mtu wa maneno machache. Tangu siku ile ananiandikia maneno ambayo hajawahi kuniambia, anasifia harufu ya nywele zangu, na amepanga tufunge ndoa Desemba. Nilipomwambia nitaomba likizo nikate tiketi, akajibu, "Tiketi ya nini tena, Rosi? Si uko hapa."

Niliyemwambia ni mmoja tu, mlinzi wa jengo letu, dada Virginia kutoka Kenya. Akasema, "Rosina, hiyo ni stress ya job. Chukua off, ulale. Na hiyo movie, khalas, usiiangalie tena." Lakini Jumamosi iliyopita madam aliiweka, nikatazama pale kwa bibi mwenye kofia, na nafasi yangu haipo. Kuna mtu amekaa, kofia inamziba, unaona kiwiko tu, cha bluu. Nikamuuliza madam huyu ni nani. Akasema, "Rosina, hapo siku zote pana mtu."

Mama Faustine, naandika haya kwenye simu, nimejifungia chumba cha kufulia. Deus nampenda, na naogopa. Niende kwenye harusi yangu, au nitafika nikute kiti kina mtu? Na wakiniuliza mimi ni nani, nitajibu nini?

Rosina, Dubai

MAMA FAUSTINE ANAJIBU

Rosina mwanangu, marahaba. Sijacheka. Ila kaa chini kwanza nikuseme.

Kosa lako si sinema. Ipende tu, mtu aliye mbali lazima afurahie kuona wenzake wamekaa pamoja, hata mimi nina ya kwangu. Kosa lako ni kuwazoesha watu wako kuishi na gauni. Gauni haliumwi, halisubiriwi uwanja wa ndege, haligombani na mawifi. Umewapelekea la kwanza, la pili, la tatu, sasa unashangaa hawana haraka na wewe. Na nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali madam alipokunyima likizo. Sijapaona. Hukuomba, binti. Miaka sita hukuomba, na hilo linaniuma kuliko mengine yote.

Aliyevaa ni binamu yako wa umbo lako. Mama yako macho yamechoka na ukumbi ulikuwa na taa za rangi. Deus naye, mwanamume aliyesubiri miaka saba ataamini chochote kinachomshika mkono. Omba likizo, mwambie mama akunje magauni yote ayafungie sandukuni, na la harusi lisishonwe mpaka fundi akupime mwenyewe. Nenda Desemba kwa amani.

Hayo niliyaandika jana. Leo nimemwomba Ibra, kijana wetu anayepokea ujumbe wa simu wa ukurasa huu, anipe namba yako. Anasema hakuna ujumbe wako. Nikaitazama tena barua iliyo mezani kwangu: ni karatasi, imeandikwa kwa kalamu. Mlinzi wetu Mubarak anamkumbuka aliyeileta hapa ofisini Mwanza, dada mpole, gauni la bluu lenye maua ya njano. Alimpa kiti, akakataa, akasema amekaa vya kutosha.

Sijui anayenisoma sasa ni yupi. Kama ni wewe wa chumba cha kufulia, fungua mlango, mwambie madam unaondoka wiki hii, usingoje Desemba. Ukishuka, usipite kwa Deus wala kwa fundi. Nenda moja kwa moja kwa mama, na nguo hizo hizo za safari, na jasho lake, umkumbatie mpaka akujue. Na ukikuta kiti chako kina mtu, usimuulize ni nani. Mshukuru kwa kukushikia nafasi, kisha mwambie asimame.