Pawa ya Kaka Elia Imeenda Wapi?

Jumamosi. Ukungu tangu asubuhi, mlima hauonekani, hata migomba ya jirani naiona kwa shida. Ng'ombe ameshakamuliwa. Sina hasira wala huzuni. Nina jambo moja tu la kuandika: juzi nilimwondoa kaka yangu kwenye kundi.

Kundi lenyewe ni la gemu ya simu. Kila mtu ana ngome na askari wake, na tunalindana. Tuko thelathini. Mimi ndiye kiongozi, nadhani kwa sababu nafundisha hesabu sekondari. Sheria niliiweka mwenyewe: kila wiki, mwenye pawa ndogo kuliko wote, yaani namba ya nguvu zake kwenye gemu, anatoka. Juzi wa mwisho alikuwa Elia. Nikabonyeza.

Elia ni wa katikati, mimi ni kitindamimba. Kwetu Machame kitindamimba ndiye anayebaki na nyumba ya baba na kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba na kahawa. Baba alipofariki nikabaki na vyote. Elia akashuka Chekereni kulima mpunga, na huu mwaka wa tatu hatusemeshani. Nikipiga simu hapokei. Kwenye gemu alikuja mwenyewe akaomba kuingia, nikamkubali. Hatukuandikiana hata neno.

Mke wangu aliposikia aliacha kumenya ndizi.

"Umemtoa shemeji kwa ajili ya namba?"

Nikamwambia namba haina upendeleo.

"Haya, mwalimu," akasema, akaendelea kumenya.

Basi leo nimekaa kuichambua hiyo namba ili nimwonyeshe. Pawa ni jumla ya majengo, silaha, mashujaa na askari walio hai. Majengo ndiyo yanayobeba sehemu kubwa, ingawa sijaona ghala likienda vitani. Pawa yangu karibu yote ni majengo. Ya Elia ilikuwa inashuka kila wiki. Majengo hayashuki. Kinachoshuka ni askari, wakifa.

Nikafungua kumbukumbu za vita vya ngome yangu. Kila niliposhambuliwa nikiwa darasani, kuna mtu alituma askari kunilinda. Jina ni lile lile, mwanzo hadi mwisho. Askari wa Elia walikuwa wanafia kwangu, naye anaandaa wengine na kuwatuma tena. Mimi nikirudi nakuta ngome imesimama, najiona fundi.

Nimeona aibu. Siwezi kuiandika kwa namna nyingine.

Nimemtumia mwaliko wa kurudi kundini. Ameukataa.

Mwaliko wa simu unakataliwa, lakini kwetu jani la isale halikataliwi. Anayeomba msamaha hulibeba mkononi, na aliyekosewa akiliona hana budi kusikiliza. Nimekata moja mchana huu, pale mpakani mwa kihamba. Kesho baada ya ibada nashuka Chekereni.

Nilipanga kumwomba radhi kwa sababu ya gemu. Lakini nimelitazama jani hapa mezani, na sijawahi kusikia mtu akibeba isale kwa sababu ya gemu. Kwa hiyo nitamwambia upande wa chini wa kihamba, wenye kahawa, ni wake. Nimeamua sasa hivi nikiandika. Mke wangu bado sijamwambia.

Sijui maneno hayo yatatokaje mdomoni. Nitaanza na shikamoo. Ni miaka mitatu sijamwamkia kaka yangu.