Mwenye Kupasha Kitanda

Yaya Nzigire, salamu nyingi toka Bukavu!

Oteli ya mujini niliikataa juu ya makelele, nikachagua nyumba ya maman mumoja mwenye anakamua kasiksi, divai yetu ya ndizi, kando ya ziwa. Mchana, nilipoikala ku kitanda, shuka ilikuwa na moto, kama mutu ametoka kuamuka sasa hivi.

"Maman, nani alikuwa analala hapa?"

"Mutoto yangu. Ziwa ilimubeba zamani. Mugeni akimupendeza, anamupashia kitanda."

Woga ilinishika, nikabeba sakoshi nitoke. Inje mvua na baridi. Nikabakia.

Yaya, tangu mama yetu afariki, sijapata usingizi mutamu vile.

Unibusie batoto wote wa Sange, Mungu awalinde.

Furaha wako