Kipaza sauti cha Ami Barakat

Hafswa, weka sufuria chini usome! Ami yako Barakat kaumbuka leo mchana kweupe!

Si wajua serikali imetuletea transfoma mpya hapa Timbwani? Leo chifu kaita baraza, tufunzwe kuilinda. Ami ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi. Kanzu imepigwa pasi hiyo!

Chifu akauliza kipaza sauti kitachomekwa kwenye umeme wa nyumba ya nani. Ami na ukarimu wake hakungoja mtu: "Vuteni waya kwangu! Wageni wa serikali wahangaike nami nipo?"

Wakavuta kwake. Kwake, Hafswa!

Akaanza: "Wallahi, anayeiba umeme ni adui wa mtaa huu! Kwangu mimi kila kitu halali!" Tukampigia makofi.

Papo hapo afisa wa Wizara ya Kawi akawaambia mafundi wazime njia ya umeme wa majumbani, wabadilishe mita. Wakazima. Redio ya kinyozi kimya. Friji ya Judy dukani kimya.

Ami bado ananguruma, asikika mpaka feri!

Mtaa mzima hauna umeme na yeye anao!

Akakatiza neno, akautazama waya. Alijua mwenyewe waya wake kauunga kwenye nguzo ya taa za barabarani, nyuma ya choo. Akajinong'oneza, kipaza sauti kingali mdomoni:

"Ya Rabbi, wazime na huku."

Tukasikia sote. Afisa akafungua daftari lake, akamwambia kwa adabu zote:

"Endelea, mwenyekiti. Twakusikia vizuri sana."