Nyanya Ulizong'oa Mbichi

Kaka yangu,

Salamu nakupa kamili, kwa sababu Mama alitufundisha kwamba hata mtu uliyemkasirikia hapewi salamu nusu. Hujambo? Wifi hajambo? Watoto wazima? Waambie shangazi yao anawapenda na hana ugomvi nao. Ugomvi wake uko kwa baba yao. Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo inayochemka, na imechemka tangu Jumamosi ile ulipokuja nyumbani bila kuniambia.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua wakati kila mtu ana simu. Ni kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Nikisema neno moja wewe unasema kumi, na mwishowe najikuta naomba radhi mimi niliyekosewa. Barua haikatizwi. Basi keti, usome mpaka mwisho. Na ukiona mwandiko unarukaruka, ni kwamba huko nyuma ya nyumba kuna mtu anagonga nyundo na meza inatikisika. Habari za nyundo hiyo nitazifikia.

Nianze na ulichoniachia. Jioni ile nilikuwa natoka kupeleka nguo za wateja, nikapita nyumbani kwa Mama kumwagilia bustani kama nilivyofanya kila siku tangu alazwe. Nilipofungua mlango wa nyuma nilidhani nimekosea nyumba. Udongo mtupu! Mashina yote ya nyanya yamelazwa ukutani, mizizi juu, vijiti vyake vimefungwa kamba vizuri kama kuni za kuuza, na mlangoni pa jikoni ndoo na mabeseni yamejaa nyanya mbichi, ngumu kama mawe. Nikatazama simu, nikakuta ujumbe wako kwamba umesafisha nyuma, na nyanya tuzitumie tusizitupe. Umesafisha! Kaka, kinachosafishwa ni uchafu. Nyanya za Mama zimekuwa uchafu tangu lini?

Nilikupigia. Ukaniambia, kwa ile sauti yako ya dukani ya kumweleza mteja ubora wa vigae, kwamba bustani ndiyo iliyomvunja Mama nyonga, kwamba msimu umeisha na baridi ya usiku ingeziua tu, na kwamba fundi wako atakuja kumwaga saruji uwanja mzima ili Mama akirudi asiwe na pa kuteleza tena. Ukasema umefanya kwa mapenzi. Sikatai. Lakini ni mapenzi gani hayo, yanayomngoja mtu alazwe hospitali ndipo yaje na jembe?

Ungekuwa mgeni ningekusamehe, maana mgeni hajui. Wewe unajua. Unajua kwamba zile ni nyanya za Bibi, zile kubwa zenye mikunjo ambazo sokoni hazipo. Unajua kwamba Mama hachukui mbegu kwenye nyanya ya kwanza kuiva, huchukua kwenye ya mwisho. Watu wote humcheka, yeye huwajibu kwamba ya kwanza imebebwa na jua, ya mwisho imejibeba yenyewe. Ndivyo alivyofanya Bibi, ndivyo anavyofanya yeye. Za akiba hana, kwa sababu akishapanda zake zinazobaki huzigawa, na majirani wanajua kula nyanya, kutunza mbegu hawajui. Kopo la mbegu nimelitikisa mwenyewe, halikutoa hata sauti. Ya mwisho ya mwaka huu ilikuwa bado iko shambani ikisubiri siku yake, na wewe ukaing'oa na wenzake. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, Kaka. Wewe pupa yako ingetumaliza ukoo mzima wa nyanya.

Nililia? Sikulia. Nilivua viatu, nikaita jirani yetu Tarumbeta, nikamwambia alete kisu chake. Unamjua Tarumbeta, jina hatukumwonea; jambo likimwingia sikioni limeshafika mtaa wa pili. Lakini ana mikono miepesi, na yeye ndiye aliyemwokota Mama siku ile alipoanguka, kwa hiyo nyanya zile anaziona kama za kwake. Alipoona ndoo alishika kiuno akauliza ni mwendawazimu gani aliyefanya vile. Nikamsogezea beseni la kwanza. Akajijibu mwenyewe.

Tukakaa sakafuni tukazichambua kama Mama anavyochambua. Unakata moja ya kila ukubwa. Kisu kikipasua mbegu, wenzake hao hawataiva hata uwaimbie. Mbegu zikiteleza kukikwepa kisu, kuna matumaini. Za matumaini zilikuwa chache. Tulizifunga moja moja kwenye magazeti, tukazilaza kwenye boksi pamoja na ndizi mbivu, tukalisukuma chini ya kitanda cha Mama. Nyingine zote, mabeseni kwa mabeseni, zikawa za kukatwa vipande, kutiwa chumvi zitoe maji yao machungu, kukamuliwa, kisha kuchemshwa na siki, sukari, vitunguu, tangawizi na pilipili ziwe achari. Nilikata nyanya, Kaka, mpaka mkono ukafa ganzi, na kila moja niliyoikata niliiambia jina lako. Tarumbeta alicheka mpaka akaomba nimpe na yeye moja akuambie.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana hapa ndipo hasira yangu ilipoota mizizi.

Jumapili nilikwenda kumwona Mama. Kesho yake alikuwa anaingia kufanyiwa upasuaji. Nilimkuta ameketishwa kwenye mito, anamsimulia muuguzi habari zako. Kwamba ana mtoto wa kiume ambaye hakuna mfano wake. Kwamba mtoto huyo, akiwa mdogo, mvua kubwa ilipokuja alitoka na mwavuli wa baba yake akasimama bustanini kuifunika miche ya nyanya, yeye mwenyewe akilowa mpaka mvua ikakatika. Muuguzi anaitikia, anacheka. Nami nimesimama na kikapu changu cha chai.

Nilikuwa nimeosha mikono kwa sabuni, kwa ndimu, kwa majivu. Wewe umesahau, lakini harufu ya majani ya nyanya haitoki. Mama alinishika mkono anisalimie, akaunusa. Uso ukambadilika. Akaniuliza nani amegusa nyanya zake.

Ningesema nini? Mtu anaingia chumba cha upasuaji asubuhi, na jina lako ndilo alilolishikilia kama fimbo ya kutembelea. Ulimi ukanitangulia. Nikasema ni mimi. Nikasema niliona msimu umekwisha, nikaona nisafishe. Nililitumia neno lako hilohilo.

Hakunipigia kelele. Heri angepiga. Aliuachia mkono wangu, akamwambia muuguzi kwamba huyu binti yake ni fundi cherehani na tangu utoto ni mtu wa mkasi, akiona kitu hajiulizi, anakata. Akaongeza kwamba mwanawe wa kiume angekuwepo, jambo kama hilo lisingetokea. Nikasema ndiyo, Mama. Nilipofika nyumbani nikaipika ile achari. Unaweza kufikiria ilivyopikwa.

Upasuaji ulikwenda vizuri, kama ulivyoambiwa kwa simu na kutuma pole zako. Lakini siku zilizofuata Mama hakuwa na neno na mimi. Nikimlisha anakula, nikimgeuza anageuka, anasema ahsante kama anavyomwambia mhudumu. Ukipiga simu wewe, uso unamng'aa. Mimi ninayemwogesha namtazama anavyong'aa kwa ajili yako. Sikia, mimi si malaika. Mara mbili nilifungua mdomo nikutaje, nikaufunga.

Juzi nikampelekea achari kwenye kikopo, nikidhani chakula kitasema nilichoshindwa kusema. Akaonja. Akafumba macho, machozi yakamtoka, akasema pilipili imezidi, aliyepika alikuwa na hasira. Nikamwambia ni kweli. Akaniuliza hasira za nini, na bustani nimeing'oa mwenyewe? Hapo nikashindwa. Sikusema kwamba aliyeng'oa ni wewe, lakini nikasema kwa ukali kwamba angalau bustani haitamvunja mtu mwingine, na kwamba wewe unataka kuifunika yote kwa saruji kwa sababu ndiyo iliyomwangusha.

Mama aliweka kijiko chini. Akaniambia nifunge mlango.

Kaka, Mama hakuanguka bustanini.

Aliteleza kwenye vigae. Vile vigae vyako vya mlango wa nyuma, vyeupe, vinavyong'aa, ulivyomletea mwaka jana kutoka dukani kwako na kusimamia mwenyewe vikipangwa, ukapiga na picha. Asubuhi ile vilikuwa na umande. Alikanyaga na kandambili zake, akaruka hewani, akasikia mfupa ukilia. Na akiwa pale chini, nyonga imevunjika, wazo lake la kwanza halikuwa kuita mtu. Aliwaza kwamba watakaomkuta pale watasema ni vigae vya mwanawe. Basi akajikokota. Kwa viwiko, Kaka, Mama yetu, ameshuka ngazi, amevuka uwanja, akafika kwenye nyanya, akashika kijiti kimoja, ndipo akapiga kelele. Tarumbeta alimkuta amelala katikati ya mashina, na kwa kuwa ni Tarumbeta, mtaa mzima ukajua kwamba bustani imemvunja Mama.

Nilikiokota kijiko cha Mama nikakifuta. Alidanganya ili asikuumize, na uongo wake ndio uliokutia jembe mkononi. Mimi nami nikadanganya ili asiumie kwa ajili yako. Wanawake wawili tumekubeba mgongoni kwa zamu, na wewe huko unatuma pole! Nimekasirika na wewe, nimekasirika na yeye, nimejikasirikia mimi niliyepokea tabia hii kutoka kwake bila hata kuona ninapoipokea.

Aliniapisha nisikuambie. Akanishika mkono uleule aliouachia siku ile, nikaapa. Na sasa nimekuambia. Kiapo nimekivunja kwa akili zangu timamu, na nikiulizwa nitasema hivyo hivyo, maana tukiendelea kukuficha, siku nyingine utakuja kubomoa nyumba kwa sababu Mama kaumwa jino.

Sasa nyundo. Fundi wako alifika leo asubuhi na mifuko ya saruji kama ulivyomwagiza. Sikumfukuza. Nimempa chai, nikamwonyesha mlango wa nyuma, nikamwambia abandue vigae vyote, kimoja baada ya kingine, kisha amwage saruji yako hapohapo na kuikwaruza kwa ufagio ikiwa mbichi, iwe na meno ya kushika kandambili. Aliniuliza kama bosi anajua. Nikamwambia bosi anaandikiwa sasa hivi. Vigae vilivyotoka vizima nimevipanga ukutani, pale ulipoyalaza mashina ya nyanya.

Mama anatoka hospitali Jumamosi. Njoo. Usitume mtu, usipige simu, njoo mwenyewe, umwambie kwamba wewe ndiye uliyeng'oa. Mimi sitasema kwa niaba yako tena. Naye ukimwuliza alipoanguka, pengine atakwambia, pengine atashikilia uongo wake mpaka kaburini. Hilo ni lenu wawili.

Nyanya za kwenye boksi nyingi ziliota ukungu, nikazitupa moja baada ya nyingine. Nilishakata tamaa. Lakini leo kabla ya fundi kuja nimefungua gazeti la mwisho, nikakuta moja imeiva nyekundu mpaka kwenye kikonyo. Mbegu zake nimezikamua, zimekaa kwenye glasi ya maji dirishani. Daktari amesema Mama hatainama tena. Mimi nina mkono wa mkasi, kama ulivyosikia. Kwa hiyo mtu wa kuzipanda ni wewe, na mwavuli wa Baba bado uko nyuma ya mlango.

Nisalimie wifi sana, na watoto wote mmoja mmoja kwa kichwa chake. Fundi anakusalimu, na Tarumbeta pia, ingawa salamu yake siwezi kuiandika.

Ni mimi mdogo wako, uliyemwachia ndoo.

Nimesahau: ndani ya mfuko uliokuja na barua hii kuna chupa ya achari, ni yako. Usiwape watoto. Wakati natia pilipili nilikuwa nakufikiria wewe.