Baba Alivyoonja Divai

Remera, Jumamosi, Agosti 1991

Bado nina hasira na Baba, ingawa kila nikikumbuka nacheka.

Bwana mmoja wa Kimihurura alikuja leo kuchagua divai yetu ya ndizi kwa harusi ya binti yake. Asiponunua yeye, sijui nani atayamaliza madumu yaliyojaa stoo. Sasa, kwetu mwenye pombe ndiye anayeonja kwanza, mgeni ajue haina sumu. Na siku hizi watu wanavyoogopana...

Kwa wengine kuonja ni funda moja. Kwa Baba ni glasi nzima, kutoka kila dumu. Alipomaliza glasi ya dumu la mwisho alikaa juu ya kreti, akafumba macho, akanyamaza kabisa.

Mgeni akairudisha glasi yake mezani bila kuigusa. "Huyu mzee yuko mzima?"

Nikamtikisa Baba. Kimya. Mama akaanza kusali.

Halafu Baba akakoroma.

Mgeni alicheka mpaka akakaa chini. "Kama inamlaza mwenyewe, itawalaza na wakwe zangu." Ameyalipia madumu yote, atayafuata siku ya harusi, ila huko anataka nionje mimi, si Baba.

Baba ameamka jioni hii, nikamwambia. Anasema nisiogope, kesho tutafanya mazoezi. Kwa madumu yale yale.