Uso wa Mtoto kwa Mistari 720

S.L.P. 46,
Karatu.
10 Desemba 2009

Mpendwa mdogo wangu Adrian,

Pokea salamu zetu za nyumbani. Hujambo wewe, na wifi yangu Martha hajambo? Hiyo baridi ya Ujerumani mnaiwezaje? Na mtoto, anawaacha mlale? Sisi huku ni wazima. Mvua imenyesha vizuri, maharage yameshachomoza.

Najua una wasiwasi. Kila ukipiga simu unauliza kwa nini Mama hajampa mtoto jina la nyumbani, ukidhani hajamkubali kwa kuwa amezaliwa ugenini. Sivyo. Mama alisema hampi mtu jina kabla hajamwona anavyokunja uso, na picha ya karatasi haikunji uso.

Ndiyo maana video ya ubatizo uliyoiweka kwenye mtandao ilitufurahisha sana. Ila shemeji yako Patrisi unamjua kwa haraka zake. Aliona pameandikwa 240, 360, 480 na 720, akachagua 240 kwa sababu inashuka upesi kutoka mtandaoni. Akaunganisha kompyuta ya kazini kwake na televisheni yetu mpya, ile yenye kibandiko cha HD Ready, akatutangazia kwamba kwenye kioo kikubwa kila kitu kitakuwa safi. Majirani wakaalikwa, chai ikachemshwa.

Tukaona ukungu. Padri alikuwa doa jeupe, na mtoto mikononi mwake kama kiazi kilichomenywa. Mama akauliza taratibu kama ni macho yake ndiyo yamekwisha. Niliumia, Adrian.

Kesho yake nikaenda kwa Judith, mwenye intaneti kafe pale sokoni. Akanieleza kwamba namba zile ni mistari ya nukta, inayohesabiwa kutoka juu ya picha hadi chini, na HD inaanzia 720. Televisheni yetu inaiweza hiyo, lakini haiwezi kubuni mistari ambayo video haina. Sahani ilikuwa kubwa, chakula ndicho kilichokuwa kidogo.

Basi siku ya mnada tuliiacha 720 ikishuka kwa Judith tangu asubuhi, tukaenda zetu kutafuta mbuzi na kula nyama choma. Tuliporudi jioni ilikuwa imemaliza, tukaibeba kwenye flashi hadi nyumbani.

Safari hii hatukualika mtu. Maji yalipomgusa mtoto, akakunja paji la uso, mdomo ukaenda upande. Mama akainuka, akasogea hadi kwenye kioo. Unajua tangu tumzike Baba hajalitamka jina lake, husema "marehemu" tu.

"Huyu ni Wilibrodi," akasema. "Hata maji ya baraka yanamuudhi."

Kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka, nami nikalia naye.

Ukiweka video nyingine, 720 yatutosha. Hiyo 1080 wanayoiita Full HD inakizidi kioo chetu, na kwa mtandao wa hapa Karatu itatumalizia minada miwili.

Patrisi anakusalimu, bado anajitetea. Baba mdogo Edgar wa Baray naye anawasalimu nyote. Mungu awafunike huko mliko, awape afya na kazi njema.

Mama ameniagiza nimalizie na hili: msimnong'oneze mtoto jina hilo. Mwiteni kwa sauti, nyumba nzima isikie.

Dada yako akupendaye daima,
Bernadina