Festo Alinijibia

Jumamosi, Kibaoni

Bado nina hasira. Leo kwenye mafundisho ya ndoa mchungaji aliniuliza mimi, kwa jina langu: "Neema, wewe ni nani mbele za Mungu?" Kabla sijafungua mdomo, mchumba wangu Festo akadakia: "Huyu ni mke wangu mtarajiwa, mchungaji. Imani yake nitaibeba mimi."

Wenzetu wakapiga makofi. Makofi!

Nikasimama. "Mimi ni mtoto wa Mungu. Nilikuwa hivyo kabla sijamjua Festo."

Alinuna njia nzima. Tulipofika mlangoni kwetu akasema, "Umeniaibisha." Kisha, kwa sauti ya chini, "Angeniuliza mimi, nisingekuwa na jibu."

Yaani alitaka kunibebea kitu ambacho mwenyewe hana! Nampenda, lakini nimemwambia harusi itasubiri jibu lake.